Nyimbo za Bibi Kwenye Mashine ya Mama Neema

Juzi nilikuwa Makurunge kuulizia mpunga kabla haujavunwa, nikakuta mkulima mmoja ametundika sidii kila pembe ya shamba. Kazifunga kwa uzi wa nailoni kwenye vijiti, zinazunguka na upepo na kumulika, ndege wasitue. Nikamuuliza zilikuwa za nini kabla hajazipa kazi ya ulinzi. Akacheka. "Sijui, mama. Nimeziokoteza tu. Nyingine za kaswida, nyingine za harusi za watu." Ndege wenyewe hawakuwa wakiogopa sana. Yangeyange mmoja alikuwa amesimama chini ya harusi ya watu, anajichokonoa manyoya bila wasiwasi.

Mtu mwingine angecheka na yule mkulima. Mimi sidii ikinimulika usoni tu, napata harufu ya udi na mafuta ya nazi, na moyo unaniuma. Nikaagana naye haraka, bei ya mpunga nikasahau kuuliza.

Nimekulia Zinga, kando ya barabara ya Dar, kwa bibi yangu mzaa mama. Jina lake Bi Tatu, na kazi yake, mbali na kulima muhogo, ilikuwa ukungwi. Msichana akivunja ungo, kwetu na katika vitongoji vya ndani, aliyeitwa kumfunda alikuwa yeye. Aliimba kwa Kikwere, na nyimbo zake zilikuwa za wanawake waliokwisha kuchezwa ngoma, basi. Mwanamume hasikii, mtoto hasikii, mgeni hasikii. Ngoma ikianza sisi wadogo tulifukuzwa mpaka kisimani, na aliyechungulia alichapwa na mama yeyote aliyemfikia kwanza. Maneno ya nyimbo hizo sitayaandika hapa, kwa hiyo msiyasubiri. Kwanza hairuhusiwi. Pili siyajui, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kila wimbo una anayeongoza na wanaoitikia. Kuitikia wanajua wengi, hata mimi najua. Kuongoza alikuwa anaongoza Bibi. Alipoanza kukohoa kikohozi kisichosikia dawa, mama mdogo wangu aliyeolewa Msata akaingiwa na hofu. Akaja na redio ya kaseti, akawatoa wanaume wote uani, akamrekodi mama yake mpaka kaseti ikajaa pande zote mbili. Mwali mmoja wa zamani wa Bibi, aliyekuwa akiishi Dar na ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, akazihamishia zile nyimbo kwenye sidii. Ikarudi Zinga imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, inang'aa kama kioo cha bibi harusi. Na kwa kuwa sasa sidii ipo, Bi Shani akaona kaseti ni ya nini tena. Akarekodia maulidi juu yake.

Bi Shani alikuwa mpiga ngoma wa Bibi na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alikuwa mtu wa haraka katika kila jambo, isipokuwa kuondoka nyumbani kwa watu.

Msimcheke sana. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi tulivyoiheshimu sidii ilipoingia. Kaseti tulizijua maradhi yake: utepe unanasa, unautoa na kuuzungusha kwa kalamu, na ukirudi unaimba kama mtu mwenye mafua. Sidii haikuwa na utepe. Haina kinachokatika, haina kinachonasa, basi tukasema haifi. Tulichojua ni kutoigusa upande wa chini, ule unaong'aa, kwani ndiko nyimbo ziliko. Tuliishika kwa ncha za vidole kama inaunguza. Na Bibi alikuwa na la kwake zaidi: aliamini kila ukiipiga unaila kidogo, kama sabuni. Kwa hiyo haikupigwa. Ilikaa kwenye sanduku lake la mbao, na kuwa nayo kulitosha.

Mama mdogo akaomba nakala yake, awafundie wasichana wa Msata. Bibi akakataa.

"Kaseti ukiitoa kwenye kaseti nyingine, hii ya pili inakohoa. Ukitoa ya tatu inanong'ona," alisema. "Mimi tayari nakohoa. Mnataka kunimaliza?"

Nami nilikuwa mtoto, nikachukua maneno hayo mazimamazima. Nilidhani kweli kila nakala itakayotolewa itamla Bibi mwenyewe kooni, na usiku akikohoa nilijiuliza ni nani huko anayetoa nakala. Mama mdogo alibembeleza msimu mzima. Mwishowe Bibi akalegea, kwa sharti moja: mashine iwe ya mwanamke.

Mashine ya mwanamke Zinga ilikuwa moja tu, ya Mama Neema. Alitoka bara, huko kwenye baridi, mumewe mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa kwetu. Walikuwa Wakristo, wapole, wageni bado. Alikuwa na stesheneri ndogo barabarani: kutoa kopi, kuchapa barua, kuchoma sidii. Mimi nilimpenda. Nikitoka shule aliniruhusu nikae mbele ya feni, akanipa karatasi za kopi zilizoharibika nichorechore nyuma yake. Kompyuta yake ikiachwa bila kuguswa, kwenye kioo zilipita picha za Neema, mwanawe, akiwa kichanga siku ya ubatizo, amevalishwa gauni jeupe refu kuliko yeye mwenyewe. Niliweza kukaa kutwa nikizisubiri zizunguke zirudi.

Tulikwenda Jumamosi, Bibi, Bi Shani na mimi mbeba kikapu. Walivaa kama watu wanaokwenda kuposa.

"Hodi hapa."

"Karibuni, karibuni. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mwalimu hajambo? Mtoto je?"

Salamu zilikwenda mpaka kwa kuku ndipo Bibi akafika kwenye shida yake. "Mwanangu, unisamehe. Wewe ni mtu mzima, umezaa, lakini ngoma yetu hujachezwa. Chombo kikianza kuimba itabidi utupishe."

"Hakiimbi, bibi. Kinanakili kimyakimya."

Bi Shani akaguna. "Kinanakili vipi jambo ambalo hakijalisikia?"

Mama Neema alitaka kueleza, kisha akaona afadhali atii. Akaingiza sidii, akabonyeza pale pa kubonyeza, akatoka nje. Na mimi nikatolewa. Bi Shani akafunga mlango na kutundika kanga dirishani. Tukasimama barazani, mwenye duka na mimi, jua linatuchoma. "Nimefukuzwa dukani kwangu," akaniambia, na tukacheka kwa kujiziba midomo.

Hatukukaa sana. "Mama Neema! Kimeitema!" Bi Shani alipiga kelele. Tukaingia. Mashine ilikuwa imetoa ulimi wake na sidii juu yake.

Bibi alikuwa amekasirika. "Mimi niliimba mpaka mkeka ukaota moto. Hiki kimemaliza kabla sijaketi vizuri? Kimesikia nini hapo? Kimeramba juujuu tu."

"Kimechukua zote, bibi. Sasa natia ile tupu." Akampa Bibi sidii yake mkononi, akaweka nyingine mpya, akabonyeza, tukatoka tena. Tukaitwa tena. Bibi akasema haondoki mpaka asikie, maana hakuna kazi ya haraka namna ile. Basi Mama Neema akaweka ile nakala ipige, akaukimbilia mlango.

Safari hii mashine iliimba kweli. Mlango ule ulikuwa wa bati, haukuzuia kitu. Kutoka ndani Bibi akapaza sauti: "Mzibe huyo mtoto masikio!"

Viganja vya Mama Neema vikaja vikafunika masikio yangu. Vilikuwa vya moto, vinanuka wino wa kopi na sabuni ya mche. Sikusikia kitu zaidi ya uvumi, kama ukiinamia mtungi. Lori lilipita barabarani bila mlio. Tumbo la Mama Neema lilikuwa limenigusa mgongoni na linatikisika kidogo, nikajua anacheka tena, nami nikacheka ili kumuunga mkono.

Bibi alitoka anang'aa. Zote zimo, alisema, hata kikohozi chake kimo, hata kuku aliyepita. Alimshika Mama Neema mkono na kumwombea dua. Kisha uso wake ukabadilika, nikaona jambo linapita humo ndani.

"Mwanangu, nikuulize. Sidii yangu ulinirudishia, nilikuwa nayo mkononi. Ile nyingine uliitia ikiwa tupu. Hapo katikati, nyimbo zangu zilikuwa wapi?"

Mama Neema hakujua kudanganya. Angejua, pengine mambo yangekwenda vingine. "Zilikuwa ndani ya kompyuta, bibi."

"Kwa hiyo zimo."

"Hazimo. Zimefutika. Njoo uone, nafuta tena mbele yako."

"Nione nini, mimi nisiyejua kusoma?" Bibi alisema polepole, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Aliyesikia amesikia. Unamfuta vipi?"

Bi Shani akamalizia kwa ile haraka yake. "Tusubiri tu. Kesho tutasikia zinapigwa kwenye magenge, wanaume wanacheza."

"Bibi, mimi si mwizi," Mama Neema alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Hakuna aliyesema mwizi," Bibi akajibu. Akachukua sidii zote mbili, akazitia kikapuni, akaondoka bila kuaga. Mjue kwamba bibi yangu aliaga kila mtu, asiowaaga ni kuku tu.

Swali lake lilikuwa la haki. Mpaka leo nalisifu. Jibu alilojipa mwenyewe ndilo lililotuponza. Nakala haikwenda Msata, kwa sababu Msata ni njia panda, magari hayalali, na kila kibanda kina mashine yenye kumbukumbu. Sidii zote mbili zikaingia sandukuni. Wanawake wa kwetu wakamkimbia Mama Neema. Hata cheti cha kuzaliwa walikwenda kukitolea kopi Bagamoyo mjini na kulipa nauli juu. Mimi nikakatazwa kukanyaga pale, na karatasi zangu za kuchora zikaishia hapo. Nikitoka shule nilipita nyuma ya duka, nikabandika sikio ukutani. Ndani kulikuwa na mvumo mwembamba usiokoma. Ilikuwa feni ya kompyuta, sasa najua. Wakati ule niliamini ni Bibi, amefungiwa humo, anaguna wimbo mdomo ukiwa umefumbwa. Nilimwonea huruma, na nilipofika nyumbani nikamkuta anamenya muhogo nilishangaa jinsi anavyoweza kuwa sehemu mbili.

Sasa niwaambie alivyozitunza, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema hakuzitunza. Bibi alijua kutunza kitu kimoja chenye sauti, nacho ni ngoma. Ngozi ya ngoma ukiiacha inakauka na kupasuka, kwa hiyo unaipaka mafuta ya nazi, unaiotesha moto kidogo, unaifukiza. Basi kila Ramadhani ikikaribia alizitoa sidii zake, akazipaka mafuta ya nazi ule upande wa juu kwa kidole, taratibu, maana wa chini haugusiki. Kisha akazipitisha juu ya chetezo, moshi wa udi ukizizunguka, huku akisema "Kaeni salama." Nilimshikia kanga wakati anafanya hivyo. Nilijihisi nashika jambo kubwa.

Nami nikafika umri, nikachezwa. Ilikuwa likizo ya shule na Bibi alikuwa amechoka, kifua kimembana. Mambo ambayo wenzangu wa zamani walifundwa kwa mwezi, mimi nilipewa kwa juma, na nyimbo nyingi aliziruka. Nikimuuliza alinipigapiga goti. "Hayo yote yamo kwenye sidii, mjukuu wangu. Utayasikia ukikua. Mimi naweza kwenda, yenyewe haiendi." Nilifurahi kufupishiwa, nilitaka kurudi kucheza rede. Inaniuma kwamba nilifurahi. Inaniuma zaidi kwamba na yeye alipumzika, kwa sababu aliamini ameshaweka akiba.

Bibi amefariki. Bi Shani yupo, lakini kumbukumbu zimemtoka. Ukimwomba akuimbie zile nyimbo anakuanzishia maulidi. Mama mdogo anajua kuitikia kama mimi, na ukimwambia aongoze anakutazama. Binti yangu amevunja ungo mwaka huu. Hapo ndipo nilipolifungua sanduku. Harufu ilinipiga usoni, udi, nazi iliyochacha, karafuu, mpaka nikakaa chini. Zilikuwemo, zimelala uso kwa uso kwenye kanga yao. Nilipozitenganisha ule weupe wa fedha wa moja ukabaki kwenye nyingine, na uliosalia ukanibandukia kidoleni kama ganda la kitunguu.

Nilizipeleka kwa fundi mjini hata hivyo. Akaziinua kwenye mwanga, akaniona mimi kupitia humo. "Mama, hapa pamebaki plastiki tupu." Akanieleza kwamba nyimbo hazikai chini, zinakaa kwenye kile kingozi chembamba cha juu, chini kidogo tu ya maandishi, palepale Bibi alipokuwa akipapaka mafuta. Upande tuliouogopa maisha yetu yote ungevumilia. Nikamuuliza kama kungekuwa na nakala nyingine popote, je, ingekuwa imefifia? Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Haififii, mama. Ya kumi ni sawa na ya kwanza. Mngetoa hata mia."

Nilitoka pale nalia barabarani kama mwehu. Na katikati ya kulia ndipo lilipokuja wazo ambalo naona haya kulitaja: ile mashine. Bibi aliapa mpaka anakufa kwamba nyimbo zimo. Je, kama alikuwa sahihi?

Duka la Mama Neema bado liko Zinga, rangi imepauka, siku hizi anauza madaftari na kalamu. Amezeeka, nywele nyeupe, miwani. Nilipiga hodi nikiwa nimeshika mlango.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, mwanangu." Akavua miwani. "Wewe si mjukuu wa Bi Tatu? Pole kwa msiba. Nilisikia. Sikuja, nilijua sitakaribishwa."

Sikuweza kuzungukazunguka. Nikamuuliza ile kompyuta ipo wapi.

"Ilikufa zamani. Ipo huko stoo. Kwa nini?"

"Nyimbo za Bibi. Labda zilibakia."

"Nilifuta, mwanangu. Na bibi yako amesimama hapohapo ulipo."

"Najua," nikasema. "Nimekuja nikiomba iwe ulitudanganya."

Nilijisikia mwenyewe ninavyosema. Miaka yote tulimwita mwizi, na sasa nilikuwa nimekuja kumwomba awe huyo mwizi. Hakukasirika. Alivuta kigoda, akanikalisha, naye akakaa.

"Mlipoondoka siku ile niliingiwa na hofu," alisema. "Nikawaza, huenda kweli kimebaki kitu mahali nisipopajua mimi. Nikamwita fundi, nikamwambia afute kompyuta yote, asibakize hata nukta. Picha za Neema za ubatizo zikaenda humohumo. Sikuwa nimesafisha hata moja kwenye karatasi. Nikasema ziende, ili bibi yako akija nimwapie kwa Mungu wangu bila kigugumizi." Akakunjua na kukunja kitambaa mapajani. "Hakuja. Neema hadi leo ananiuliza alikuwaje mdogo. Namwambia, ulikuwa mnene."

Nilitazama mikono yake juu ya kile kitambaa, imekunjamana, ina wino bado kwenye kucha. Nikakumbuka uvumi wa mtungi na lori lisilo na mlio.

"Mama Neema. Siku ile uliniziba masikio."

"Bibi yako alisema nikuzibe."

"Sasa ya kwako yalikuwa wazi."

Akainamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa. "Nilikuwa na mikono miwili tu, mwanangu." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilisikia wimbo mmoja. Maneno yalinipita, si lugha yangu. Lakini sauti ilibaki. Sijawahi kuuimba, hata nikifua. Nilijua si wangu."

"Nilidhani unacheka."

"Nilikuwa nalia. Mimi niliolewa mbali na kwetu, hakuna aliyeniimbia."

Nikamwambia aniimbie. Akashtuka, akauliza Bibi angesemaje. Mlangoni walikuwa wamesimama watoto wawili wa shule wanataka penseli. Nikawauzia mimi, nikawaambia waende zao mpaka kisimani. Nikafunga mlango. Nikavua mtandio wangu, nikautundika dirishani.

Mama Neema akafumba macho, akaanza kuguna. Wimbo ulikuwa na kanisa kidogo ndani yake, lakini ulikuwa wa Bibi, na ulipumua palepale Bibi alipokuwa akipumua. Ulipofika pa kuitikia, mdomo wangu ukaitikia wenyewe. Halafu yeye akangoja nilete maneno ya kuongoza, nami nikamngoja yeye aendelee.